Siku Nilipoupa Ukumbi Mgongo

Mwaka juzi kamati ya klabu yetu ya taarabu ilinikabidhi uongozi wa wapigaji kwa majaribio. Barua ilikuwa fupi. Ilisema nitaongoza maonyesho mawili, la Idi ndogo na la Idi kubwa, na baada ya hapo kamati itakaa na kuamua kama niendelee au atafutwe mwengine. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, na miaka thelathini na tisa kati ya hiyo nilikuwa nimeshika fidla. Sikuwa nimepata kutaka cheo chochote kazini wala mtaani, lakini hiki nilikitaka, na sioni sababu ya kuficha.

Nafasi ilikuwa wazi kwa sababu ya mkono. Mwalimu wangu, aliyetuongoza kwa zaidi ya miaka thelathini akiwa fidla ya kwanza, alianza kutetemeka mkono wa kulia, ule unaoshika upinde. Kwenye mapigo ya haraka haikujulikana. Kwenye sauti ndefu, ambapo upinde hutakiwa uteleze juu ya uzi taratibu kutoka mwanzo wake hadi mwisho, mtetemeko ulisikika hadi safu za nyuma. Aliiandikia kamati mwenyewe akaomba kupumzika, na katika barua hiyo hiyo akanitaja mimi. Hakuniuliza kwanza. Habari niliipata kwa katibu.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Baba alikuwa karani bandarini na mpenzi mkubwa wa taarabu, na nilipofika miaka kumi na mbili alianza kunichukua klabuni siku za mazoezi, kwa kuwa mama alikuwa na watoto wadogo na mimi nilikuwa msumbufu. Klabu ilikuwa ghorofani, katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, na hadi leo ipo hapo hapo. Wasichana wa kuimba walikuwepo. Wa kushika ala hawakufika watatu. Mwalimu alinipa fidla yenye nyuzi mbili, akaniambia nyengine mbili zitakuja nikizistahili. Hakufundisha kwa nota. Alipiga kipande kimoja, akailaza fidla magotini, akageukia dirishani kutazama wapita njia, na hakugeuka tena mpaka nimekipata. Nikikosea aliendelea kutazama nje. Kuna siku nilirudi nyumbani bila ya kumuona uso.

Mama hakupendezwa. Alimwambia baba, nami nikiwapo, "Shingo itampinda huyu. Nani atamtaka?"

"Atakayemtaka atakaa upande huo huo alioelekea," baba akajibu, na akaendelea kula.

Niliolewa na mtu aliyekaa upande huo. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha, nikazaa wawili, na fidla haikukaa ndani ya sanduku lake zaidi ya siku mbili mfululizo. Nilipokuwa na miaka thelathini na sita nilipata nafasi ya kwenda kusoma muziki nchi za baridi kwa miaka miwili. Huko nilipangwa katika okestra ya chuo, kiti cha mwisho cha fidla za pili, nyuma kabisa, mahali ambapo mpigaji mmoja akiumwa hakuna anayejua. Nilijifunza kusoma nota kwa kasi ya kusoma gazeti. Mwaka wa pili nikajiandikisha darasa la uongozi. Tulifundishwa kusimama, kushika kijiti, kugawa mapigo hewani, kumpa kila mpigaji ishara yake kabla ya zamu yake, na kuufunga wimbo kwa mkono mmoja ili watu arobaini wanyamaze kwa pamoja. Kiongozi huko husimama akiwaelekea wapigaji, na wasikilizaji wako nyuma yake. Niliongoza mara nne. Sikuwahi kufanya kazi iliyonipendeza zaidi.

Niliporejea nilirudi kwenye kiti changu cha fidla ya pili klabuni, nikawa nafundisha chuoni, na siku za mapumziko nikaanza kuziandika nyimbo za klabu kwa nota. Hakuna aliyekuwa amezifanyia hivyo. Zote zilikaa vichwani mwa watu, na watu walikuwa wanazeeka. Kazi hiyo ilinichukua miaka. Nilitumia kanda za zamani zilizorekodiwa studio, kwa sababu huko sauti ya kila ala ilikuwa safi. Majalada yalijaza rafu nzima nyumbani kwangu Mpendae, na wageni wakija niliwaonyesha kabla ya picha za wanangu.

Basi kamati iliponipa maonyesho yale mawili, nilikwenda mazoezini na majalada, vishikio vya karatasi na kijiti. Mwalimu alikuwa ameamua asije mazoezini mpaka onyesho la kwanza lipite. Alisema akiwapo, watu watautazama uso wake kila nitakapotoa amri. Ilikuwa heshima kubwa, na ilinigharimu, kwa kuwa angekuwepo angeniambia.

Wapigaji walinipokea kwa adabu, isipokuwa mpiga ganuni, ala ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Huyu ni mtu mnene, mchangamfu, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, na hajawahi kukaa kimya kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

"Mwalimu," aliniuliza siku ya kwanza, akikielekeza kidole kijiti changu. "Mshikaki wenyewe uko wapi?"

"Mshikaki ni wewe," nilimjibu. "Ukichelewa kuingia nitakuchoma nacho."

Wakacheka, na kazi ikaanza. Kwa muda wa mwezi mmoja walijifunza kunitazama. Waliingia pamoja, walipunguza sauti pamoja, na zaidi ya yote walikata pamoja. Katika taarabu yetu wimbo huisha kwa kuchakaa kidogo: fidla moja hubaki nyuma, kodiani humalizia pumzi yake, mpiga dumbaki hutia pigo la nyongeza kwa raha zake. Mimi niliyafuta hayo yote. Nilisikia tofauti, nao waliisikia, na nilikwenda nyumbani kila siku nikiwa na furaha ya mtu aliyepanga kabati lake.

Lazima nieleze sasa jambo ambalo mtu wa hapa haelezwi. Wimbo wetu wa taarabu una beti, na kila ubeti ukimalizika ala na waitikiaji hukizungusha kiitikio. Wakati huo ndipo watu huinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Mtu hutoka kitini, hupita kati ya safu kwa mwendo anaoutaka, akifuata mapigo, hufika mbele, humpa mwimbaji noti yake au humfungia kilemba cha maua, kisha hurudi. Anayetunza anasema kitu. Pengine anasema ubeti ule ni wangu, pengine anamsemea jirani aliyekaa safu ya tatu. Na muda wote huo kiitikio huzunguka. Mwimbaji haendi mbele mpaka yule mtu amerudi.

Mimi niliyajua hayo kama nnavyojua njia ya nyumbani. Lakini kwa miaka yote niliyokuwa fidla ya pili nilikuwa nautazama upinde wa mwalimu. Ukiinuka, tunafunga. Ni kwa nini unainuka wakati ule na si mwengine, sikuwahi kujiuliza. Kwenye kanda za studio kiitikio kilizunguka mara nne, nami nikaandika nne. Nilijua kwamba ukumbini huzidi, ila nilidhani kuzidi huko ni uzembe uliozoeleka. Haikunipitikia kwamba studio hakuna watu wa kutunza.

Onyesho la Idi ndogo lilifanywa Idi pili, alasiri, ili kina mama waje na watoto. Ukumbi ulijaa. Nilisimama katikati, nikauelekeza uso kwa wapigaji, nikainua kijiti. Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda kama tulivyofanya mazoezi. Walioinuka kutunza walikuwa vijana wenye miguu mepesi, na wale waliobaki njiani kiitikio kilipofungwa walirudi mbio kwenye viti vyao wakicheka, wakidhani ni bahati mbaya.

Wa nne ulikuwa wimbo mkongwe ambao klabu huupiga kila Idi. Maneno yake yaliandikwa na mshairi wa mjini, ambaye sasa ni marehemu. Mjane wake yu hai. Ni bibi mrefu mwenye asili ya Kiarabu, na mjini petu anajulikana kwa jambo moja: kila ukifika ubeti wa tatu wa wimbo huo huinuka akaenda kuutunza. Amefanya hivyo tangu mimi ni mtoto. Siku hizi anatembelea mkongojo, na mwendo wake ni wa polepole.

Ubeti wa tatu ukaisha. Kiitikio mara moja, mbili, tatu, nne. Nilifunga kiganja changu, na watu kumi na saba wakanyamaza kama mtu mmoja. Kule nilikosoma, ukimya unaofuata hapo ni sifa. Watu hushusha pumzi kwanza ndipo wakapiga makofi. Nilisubiri. Hapakuja makofi. Nikamuona mpiga ganuni, ambaye uso wake haujui kutulia, ametulia kabisa, na haniangalii mimi. Anaangalia nyuma yangu.

Niligeuka. Bibi alikuwa amesimama katikati ya njia, baina ya safu, mkongojo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameuinua kidogo na noti kati ya vidole. Zilibaki hatua kama kumi kumfikia mwimbaji. Alinitazama, si kwa hasira. Kisha akaushusha mkono, akageuka. Mjukuu wake alitoka mbio akamshika kiwiko, na hivyo ndivyo alivyorudi, ameshikwa, yeye ambaye alikuja peke yake. Mwimbaji alinitazama aone nitafanya nini. Nikainua kijiti, tukaingia ubeti wa nne, kwa pamoja, bila ya kosa hata moja.

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma. Nilimfuata kwenye ngazi baada ya onyesho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mmepiga safi."

"Mwalimu."

"Nimesema mmepiga safi. Tangu nizaliwe sijasikia fidla zikakatika pamoja namna ile."

"Nimemkata Bi mkubwa."

"Umemkata."

"Sikumuona."

"Ungemuonaje? Macho hayaoti kisogoni." Alimpisha mtu ashuke. "Nilidhani unajua. Nilidhani miaka yote ile ulikuwa unatazama ninachokitazama mimi."

Alisema hivyo kwa upole, na ilinichoma kuliko kama angenifokea.

Mji wetu ni mdogo. Siku ya nne baada ya Idi nilikwenda sokoni, na muuza samaki wangu, ambaye sijui hata kama anapenda taarabu, akaniuliza huku ameinua kisu, "Mwalimu, leo nikukatie mara ngapi? Nne?" Nilicheka kwa sababu sikuwa na la kufanya jengine. Katibu wa kamati alipita nyumbani wiki hiyo akanywa chai.

"Kamati haijasema kitu," alisema. "Lakini watu wanasema."

"Wanasema nini?"

Alikoroga chai ambayo ilikwishakorogwa. "Wanasema ni yale masomo ya huko."

Alipoondoka nilijua kwamba Idi kubwa ndiyo itakayoamua, na kwamba bibi yule asipokuja, hata tukipiga vipi, jibu litakuwa limeshatolewa. Nilichukua halua kilo moja nikaenda Mbweni, anakoishi kwa binti yake tangu magoti yalipomshinda kupanda ngazi za nyumba yake ya mjini.

Alikuwa ukumbini mwake, mguu mmoja ameunyoosha juu ya stuli. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaitazama halua.

"Umekuja kuniomba radhi au kunipima goti?"

"Radhi, Bi mkubwa."

"Basi kaa. Radhi haiombwi mtu kasimama, ataona una haraka."

Nilikaa. Nilimwambia kwamba sikumuona, na kwamba kosa ni langu peke yangu.

"Nnajua hukuniona. Nilikuwa nnautazama mgongo wako. Mgongo mzuri, mnyoofu. Hebu nambie, huko ulikosoma wote wanawapa watu mgongo?"

"Viongozi, ndiyo. Wote."

"Na wanaokwenda kutunza?"

"Hawatunzi, Bi mkubwa. Hukaa kimya mpaka mwisho. Hata mtu akitaka kukohoa husubiri."

"Maskini," alisema, na nilimuona amewahurumia kweli. Binti yake, aliyekuwa akikata halua, akainamia sahani kuficha kicheko.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua, na nafikiri wengi hawalijui. Ubeti ule wa tatu, ambao mji mzima huuchukua kuwa ni wa mapenzi, uliandikwa baada ya ugomvi.

"Alikuwa na kosa lake, nalo si la kulitaja mbele ya mtoto huyu," alisema, akimuonyesha binti yake mwenye miaka sitini. "Hakujua kuomba radhi kwa mdomo. Akatoa ubeti, ukaimbwa mbele za watu Idi hiyo, mimi sina habari. Nilikaa safu ya pili. Nikausikia, nikajua ni mimi. Sasa nifanyeje? Nikikaa, nimekataa. Nikainuka nikaenda kuutunza, ndo kusema nshasamehe. Alikuwa pale karibu na mlango, anatazama nnavyokwenda. Kila mwaka alikuwa anatazama. Na kila mwaka ukiimbwa nnainuka, hata sasa hayupo."

Niliutazama mguu wake juu ya stuli.

"Kwa hivyo mwaka huu," alisema, "nimemsamehe nusu njia."

Sote watatu tulicheka, yeye zaidi. Halafu akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, akawa mtu wa kawaida tena.

"Sikukasirika. Lakini nikwambie kitu kimoja. Kiitikio kikipigwa, mimi sina goti. Nnakwenda tu. Uliponyamaza, goti likarudi pale pale. Nikajiona mzee mbele za watu."

Nilimuuliza kama atakuja Idi kubwa.

"Siahidi," alisema. "Chukua sahani yako."

Usiku huo nilifungua jalada la wimbo ule. Nilifuta ile nne kwa kifutio, nikaandika pembeni kwa penseli: mpaka akae. Niliyatazama maneno hayo. Si nota, na mwalimu wangu wa nchi za baridi asingejua afanye nayo nini.

Kuyaandika ilikuwa rahisi. Siku ya pili nilikwenda kwa mwalimu, nikamuomba aje mazoezini anifundishe upya. Nilitegemea atafurahi, lakini aliniangalia tu, kisha akasema tuanze na kiti. Alikiweka kiti cha fidla ya kwanza upande wa kushoto, pembe kidogo, kiasi kwamba mwenye kukikalia anauona ukumbi wote, na wapigaji wanauona mkono wake wa upinde. Alikikalia hivyo miaka thelathini. Nikakaa.

"Usitazame nyuso," aliniambia. "Anayekwenda kutunza anacheka tangu anapoinuka, uso hautakwambia kitu. Tazama miguu. Miguu ikigeuka kurudi, anza kuhesabu. Na wenzako wape habari mzunguko mmoja kabla. Nyanyua kiwiko, basi. Wao wanajua kazi yao."

Ugumu upo hapo kwenye mzunguko mmoja kabla. Kiitikio kikianza hakikatwi katikati, kwa hivyo ni lazima kiongozi akisie, kiitikio kinapoanza, kama yule mtu atakuwa amekaa kitakapomalizika. Akikisia mapema anamwacha njiani. Akichelewa wimbo unapoa. Na muda huo huo anapiga fidla.

Ilihitajika mtu wa kutembea. Mpiga ganuni alijitolea kabla hajaombwa. Alijifunga khanga kichwani, akachukua fagio la chumba cha mazoezi akaligeuza mkongojo, na akatoka mlangoni kwa mwendo wa bibi wa miaka themanini mwenye mwili wa kilo mia. Mwimbaji wetu, kijana wa Makunduchi ambaye sauti yake haijui kushindwa, alishindwa kuimba kwa kucheka.

"Wewe mwanangu," mpiga ganuni alimwambia mpiga kodiani alipofika karibu naye, akasimama kabisa. "Mama yako hajambo? Mwambie nshaupata ule unga, ila una wadudu."

"Anasema wadudu ni wako," mpiga kodiani alimjibu bila ya kuacha kupiga.

Niliukisia mwendo wake, nikanyanyua kiwiko, tukafunga. Alikuwa mguu mmoja chini, mwengine hewani.

"Mwalimu," alisema bila ya kuushusha mguu. "Nimeachwa tena."

Alasiri ile nilimwacha njiani mara tisa. Wiki iliyofuata mara nne. Wiki zilizofuata mpiga ganuni alianza kunifanyia hila: alirudi nusu njia akajifanya amesahau kitu, alimpa mwimbaji noti akaichukua, aliwahi kukaa kwenye kiti kisicho chake. Mwalimu alikaa dirishani. Nilipokisia sawa mara tano mfululizo aliomba chai.

Sikukosa majuto. Nikiwa nimekaa na fidla mkononi sikuweza kumpa mpiga nai, ile filimbi ya mwanzi, ishara yake, na ule ukataji wa pamoja niliouhangaikia mwezi mzima ulianza kulegea. Niliusikia ukilegea kila wiki, na niliuacha.

Idi kubwa bibi alikuja. Binti yake alimuingiza mapema akamkalisha safu ya kwanza, goti limefungwa bendeji iliyotuna chini ya buibui. Kabla ya kuanza binti alinijia akaninong'oneza kwamba mama yake hatainuka, daktari amekataza. Nilifarijika kwa kuwa amekuja, kisha nikahuzunika, maana kila nilichojifunza nilikuwa nimejifunza kwa ajili ya mwendo wake.

Ubeti wa tatu ukaisha. Kiitikio kikaanza, na watu wachache wakainuka kutunza. Niliwatazama miguu. Walirudi, walikaa, na nilikuwa karibu kunyanyua kiwiko nilipomuona bibi ameinua mkono, anamwita mwimbaji kwa vidole.

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Mwimbaji alinigeukia. Niliinamisha kichwa kumwambia nenda, akashuka jukwaani na kipaza sauti mkononi, akapiga magoti mbele ya bibi. Bibi akamtia noti kiganjani. Sote tulitegemea atamwachia. Hakumwachia. Alimshika kifundo cha mkono, akamvuta, akaanza kumsemesha sikioni.

Kiitikio kilizunguka bila ya mwimbaji. Waitikiaji waliendelea, wakitazamana. Mizunguko sita, saba, sikuhesabu tena. Mpiga dumbaki alinitazama kwa macho ya kuuliza. Bibi bado anasema. Mpiga ganuni alipoona hali ile aliinamia nyuzi zake akaanza kupamba juu ya kiitikio, kila mzunguko akitia kitu kipya, na watu wakaanza kupiga makofi kwa kufuata mapigo. Wanawake kutoka safu za nyuma waliinuka, na kwa kuwa mwimbaji alikuwa miguuni kwa bibi, wakaja kutunza pale pale, mpaka kukawa na duara la watu na sikuweza tena kumuona mwimbaji, niliona visigino vyake tu. Bega langu la kulia liliniuma. Nilivitazama vile visigino.

Vikasogea. Duara likafunguka, mwimbaji akainuka, akarudi kwenye ngazi za jukwaa. Nilingoja mpaka mguu wake wa pili ulipokanyaga mbao. Ndipo nikanyanyua kiwiko, tukazunguka mara moja ya mwisho, tukafunga. Fidla moja ilibaki nyuma kidogo.

Baada ya onyesho nilimuuliza mwimbaji bibi alimwambia nini muda wote ule.

"Alisema, 'Kaa hapa hapa, usende popote. Nataka nione kama atatukata.'"

"Na baada ya hapo?"

"Akaniuliza kama mama yangu bado analima mwani, na bei siku hizi ikoje, na kama kaka yangu ameshaoa. Nikamwambia Bi mkubwa, wananingoja. Akasema, 'Nnawaona. Wangoje.'"

Kamati ilikaa Alhamisi ya wiki iliyofuata, na niliitwa mwishoni. Mjumbe mmoja alilalamika kwamba wimbo ule ulikula muda wa nyimbo mbili, na waimbaji wawili waliojitayarisha tangu Ramadhani hawakupata zamu. Alikuwa na haki, na nilisema hivyo. Mjumbe mwengine alisema mara hii hakuna aliyebaki njiani. Walijadiliana kwa muda, nami nimekaa pale pale, kisha mwenyekiti akanambia niendelee na uongozi, kwa sharti kwamba niongoze nikiwa nimekaa na fidla.

Niliomba jambo moja. Bashrafu, ule muziki wa kufungulia onyesho, hauna mwimbaji wala maneno, na hakuna anayeinuka kuutunza. Niliomba hapo nisimame na kijiti. Walibishana juu ya hilo kuliko walivyobishana juu yangu. Mwishowe katibu aliandika kwamba kiongozi anaruhusiwa kusimama kwenye bashrafu tu, na akaisoma kwa sauti ili nisije nikasema sikusikia. Nilitia saini.

Jumatano iliyofuata tulianza mazoezi na zile nyimbo mbili zilizokosa zamu. Mmoja wa waimbaji wale alikuja amenuna, akakaa karibu na mlango na mkoba wake magotini. Niliwaambia wapigaji wasubiri, nikaenda kumsikiliza yeye kwanza.